Kuunda na Kurusha Roketi Yako ya Kwanza ya Mfano

Roketi ya mfano ni chombo chepesi cha karatasi ngumu, mbao laini na plastiki, ambacho hupanda angani kwa nguvu ya injini ndogo ya baruti iliyotengenezwa kiwandani, kisha hufungua parachuti yake na kushuka taratibu ili kiweze kurushwa tena siku hiyo hiyo. Safari yenyewe ni fupi, kwani aghalabu haifiki dakika moja tangu kuwashwa hadi kutua, ilhali kazi ya kuiandaa huchukua jioni mbili au tatu za utulivu. Mimi na binti yangu tumekuwa tukirusha roketi za namna hii huku Marekani kwa miaka kadhaa, na jambo moja tulilojifunza kwa gharama ni kwamba karibu kila kinachoharibika uwanjani huwa kimekwisha kuharibika mezani. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu gundi, msasa na mapezi, na sehemu ndogo tu inahusu moto.

Nimechagua kueleza roketi iitwayo Alpha, ya kampuni ya Estes iliyoko Penrose katika jimbo la Colorado, kwa kuwa imewafundisha watu wengi tangu miaka ya 1960 na vipande vyake ni vile vile utakavyovikuta katika roketi nyingine nyingi. Ina urefu wa sentimita 31 hivi, kipenyo cha milimita 25 na uzito usiozidi sana gramu 20 kabla ya kuwekewa injini. Ipo pia ndugu yake, Alpha III, ambayo mapezi yake ni ya plastiki yaliyokwisha kuunganishwa, nayo inamfaa mtoto mdogo au mtu asiye na muda. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kuelewa roketi hurukaje, napendekeza ile yenye mapezi ya mbao.

Kwa nini injini inunuliwe, isitengenezwe

Kabla ya hatua yoyote nataka msomaji alielewe jambo hili, maana ndilo lililofanya mchezo huu uwepo. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Marekani, wakivutiwa na habari za makombora na baadaye za setilaiti ya Sputnik iliyorushwa Oktoba 1957, walikuwa wakijaza mchanganyiko wa kemikali ndani ya mabomba ya chuma, na baadhi yao walipoteza vidole, macho na hata uhai. Mwaka 1954 Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk huko Nebraska aliyekuwa na ujuzi wa fataki, alishirikiana na ndugu yake Robert kubuni roketi ya karatasi yenye injini ndogo inayotolewa na kubadilishwa, pamoja na parachuti ya kuirudisha salama. G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, New Mexico, aliiona kazi hiyo na kutambua kwamba hilo ndilo jibu la tatizo la vijana. Mwaka 1957 kikaanzishwa chama cha National Association of Rocketry, ambacho kanuni zake za usalama ndizo zinazofuatwa hadi leo, na mwaka uliofuata Vernon Estes akaanzisha kampuni yake na kubuni mashine ya kutengeneza injini hizo kwa wingi.

Msingi wa kanuni hizo ni kwamba mrushaji hagusi baruti. Hachanganyi, hashindilii, hachongi, hajazi upya injini iliyokwisha kutumika, wala hafungui fataki ili kupata kilichomo ndani. Roketi yenyewe haiwi na pua, kiwiliwili wala mapezi ya chuma, ili ikigonga kitu ivunjike yenyewe badala ya kuumiza. Ukiona maelekezo popote yanayokufundisha kupika mafuta ya roketi jikoni, yaache.

Kwa wasomaji walioko Afrika Mashariki kuna angalizo la ziada. Injini hizi zina baruti, na baruti inasimamiwa na sheria za vilipuzi katika nchi zetu, hivyo uliza mamlaka husika kabla ya kuagiza chochote. Usithubutu kuzifunga ndani ya sanduku unaporudi nyumbani kwa ndege, kwani zimekatazwa katika mizigo yote, ya mkononi na ya chini. Kiwiliwili, mapezi na parachuti havina tatizo lolote kusafiri.

Kusoma herufi na namba za injini

Injini ya Alpha ni kibomba cha karatasi chenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 70. Upande wa chini kuna tundu dogo lililofinyangwa kwa udongo, ambalo gesi ya moto hutokea kwa kasi na kuisukuma roketi juu. Juu ya tundu hilo kuna baruti ya msukumo iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama jiwe, kisha tabaka linaloungua polepole huku likitoa moshi wa kuonyesha njia, na mwisho kabisa chembe chache za baruti ambazo hulipuka kuelekea mbele ili kuitoa pua na parachuti. Mafuta magumu ya namna hii si jambo la watoto peke yao. Roketi ya Scout, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, nayo ilitumia mafuta magumu katika hatua zake zote nne, yaani sehemu zinazowaka kwa zamu moja baada ya nyingine, ingawa kemikali zake zilikuwa tofauti na baruti hii.

Ubavuni mwa injini utakuta maandishi kama A8-3, B6-4 au C6-5. Herufi inaonyesha jumla ya nguvu iliyomo, na kila herufi inayofuata ina kikomo mara mbili ya ile iliyotangulia: A hufikia nyutoni-sekunde 2.5, B hufikia 5, na C hufikia 10. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Namba ya mwisho ni sekunde zinazopita baina ya kuzimika kwa msukumo na kufyatuliwa kwa parachuti, nayo ina uzito kuliko wanavyodhani wengi, kwa sababu parachuti ikifunguka mapema roketi ingali na kasi itachanika, na ikichelewa roketi itakuwa imekwisha kugeuka na kuja chini kwa pua.

Kwa mruko wa kwanza tumia A8-3, ambayo itaipandisha roketi juu vya kutosha kukufurahisha, na itaishusha karibu vya kutosha kuiona ilipoangukia. C6-5 huweza kuipeleka Alpha karibu mita 300, na wengi waliokimbilia C siku ya kwanza walirudi nyumbani mikono mitupu. Jihadhari pia na injini zinazoishia na sifuri, kama B6-0 na C6-0. Hizo ni za hatua ya chini ya roketi zenye hatua mbili na hazina baruti ya kufyatulia parachuti, kwa hiyo ukiiweka katika roketi ya hatua moja itaanguka kama mshale.

Zihifadhi injini mahali pakavu penye joto la kawaida. Usiziache ndani ya gari linalopigwa na jua, kwa maana joto na baridi vikipishana mara kwa mara baruti hutengana na karatasi iliyoizunguka au hupata ufa, na injini yenye ufa hupasuka badala ya kuungua kwa utaratibu.

Maandalizi ya meza

Mbali na boksi la roketi utahitaji gundi ya mbao ya rangi ya manjano au nyeupe, kisu chenye wembe mpya, penseli, rula, mkasi, msasa laini wa namba 220 na mwingine wa 400, utepe wa karatasi wa mafundi rangi, na kijiti chembamba cha kufikishia gundi ndani ya bomba. Jukwaa la kurushia na kidhibiti chake cha umeme huuzwa pamoja na roketi katika baadhi ya maboksi na peke yake katika mengine, kwa hiyo soma boksi kabla ya kulipa. Panga vipande vyote mezani, vilinganishe na mchoro uliomo, na usome maelekezo yote hadi mwisho kabla ya kufungua gundi.

Kuunda kitako cha injini

Kazi huanzia ndani. Kitako cha injini ni kibomba kifupi ambacho injini hukaa ndani yake, kikiwa na kishikio chembamba cha chuma kinachoizuia isichomoke, pete ya kuizuia isisonge mbele, na pete mbili za karatasi zinazokiweka katikati ya kiwiliwili. Pima alama kama mchoro unavyosema, kata mwanya mdogo wa kupitishia kishikio, kisha bandika pete moja moja na kuziacha zikauke.

Kuingiza kitako hiki ndani ya kiwiliwili ni hatua ya sekunde tatu ambayo imeharibu roketi nyingi. Gundi ya mbao ikibanwa baina ya karatasi mbili hushika upesi mno, na ukisita njiani kitako kitaganda nusu ya safari na hakitasogea tena mbele wala nyuma. Fanya hivi: weka alama kwenye kijiti kuonyesha kina unachotaka, paka gundi ndani ya kiwiliwili kwa kijiti badala ya kuipaka kwenye pete, kisha sukuma kitako kwa mwendo mmoja bila kusimama mpaka kifike kwenye alama. Jaribu mara mbili pakiwa pakavu kabla ya kupaka gundi, ili mkono wako ujue njia.

Mapezi

Hapa ndipo roketi hupata tabia yake, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Mapezi ya Alpha ni matatu, yamekatwa katika ubao wa balsa ambao ni mwepesi kiasi kwamba utadhani ni sifongo. Yatoe kwenye ubao kwa wembe badala ya kuyasukuma kwa kidole, kisha yaunganishe yote matatu kama kitabu na kuyapiga msasa kwa pamoja ili yalingane. Angalia nyuzi za mbao: lazima ziende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, ule unaokata upepo. Nyuzi zikienda sambamba na kiwiliwili pezi litavunjika kwenye shina lake mara ya kwanza roketi itakapotua. Baada ya hapo viringisha ukingo wa mbele na ule wa nje kwa msasa, lakini ukingo wa shina, unaogusa kiwiliwili, uache mraba na bapa.

Sasa gawanya kiwiliwili katika sehemu tatu. Boksi huwa na karatasi ya kupimia, lakini hata ikipotea hesabu ni rahisi: mzunguko wa bomba hili ni milimita 78 hivi, kwa hiyo umbali baina ya pezi na pezi ni milimita 26. Zungusha kipande cha karatasi, weka alama tatu, kisha chora mistari mitatu iliyonyooka kutoka chini kwenda juu. Mkono peke yake hauwezi kuchora mstari ulionyooka juu ya bomba la duara, ila ukililaza bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango, ukingo wa fremu utakuwa rula yako. Chora na mstari wa nne katikati ya mapezi mawili, kwa ajili ya kijibomba cha kuongozea.

Paka gundi nyembamba kwenye shina la pezi, ligusishe kwenye mstari wake, liondoe, na usubiri dakika moja hadi gundi ianze kunata. Paka tena tabaka jembamba na ulishikilie pezi mahali pake. Gundi iliyopakwa mara mbili hivi hushika haraka na kwa nguvu kuliko iliyomiminwa kwa wingi. Kabla haijakauka tazama roketi kutoka nyuma, jicho likiwa sawa na tundu la injini: mapezi yaonekane kama miale mitatu iliyoachana sawasawa, na kila pezi lionekane kama mstari mwembamba usiopinda. Pezi lililopinda hata kwa pembe ya nyuzi mbili au tatu tu huifanya roketi izunguke kama pia, na nguvu iliyotakiwa kuipandisha huishia katika mzunguko huo. Roketi yetu ya kwanza ilifanya hivyo hasa, na chanzo kilikuwa pezi moja nililolibandika usiku nikiwa na usingizi.

Yakikauka, pitisha mstari wa gundi katika kila kona baina ya pezi na kiwiliwili na uulainishe kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa. Laza roketi ubavu wakati wa kukausha ili gundi isitiririke, kona mbili kwa zamu moja. Kijibomba cha kuongozea, ambacho ufito wa jukwaa hupita ndani yake, kibandike sambamba kabisa na kiwiliwili na uhakikishe gundi haikuingia ndani.

Kamba, pua na parachuti

Kamba ya mpira ndiyo inayounganisha pua na kiwiliwili baada ya mlipuko mdogo wa kule juu. Ncha yake moja hukunjwa ndani ya kipande cha karatasi mara tatu pamoja na gundi, na kifurushi hicho hubandikwa ndani ya bomba, sentimita tatu au nne kutoka mdomoni, ili shingo ya pua isigongane nacho. Kibonyeze kwa kidole mpaka kishike, kisha ukivute kwa nguvu kesho yake, kwani ni afadhali kibanduke mezani kuliko angani.

Pua isikaze wala isilegee. Kipimo changu ni hiki: ukiishika roketi kwa pua na kuinyanyua, kiwiliwili kisidondoke, lakini ukikivuta kidogo kitoke bila ubishi. Ikilegea, zungushia shingo yake utepe wa karatasi. Ikikaza, ipige msasa. Binti yangu aliwahi kupaka rangi mpaka kwenye shingo kwa kuipenda sana, pua ikagoma kutoka, na roketi ikajichimbia kwenye nyasi na parachuti ikiwa bado ndani.

Parachuti ya plastiki yenye upana wa sentimita 30 hivi hufungwa nyuzi zake kwenye kitanzi cha pua. Siku yenye upepo kata tundu dogo katikati yake, kwani itashuka kwa kasi zaidi kidogo lakini haitapeperuka hadi mtaa wa pili.

Rangi

Piga msasa, paka rangi ya msingi nyeupe, piga msasa tena, kisha pulizia rangi unayoipenda kwa tabaka nyembamba, ukiwa nje penye hewa. Ziba mdomo wa bomba, kitako na kijibomba cha kuongozea. Rangi ya chungwa na nyeusi huonekana vizuri angani na kwenye nyasi, ilhali ya kijani, hata iwe nzuri namna gani, itakutafutisha roketi hadi magharibi.

Kupima uthabiti

Roketi huruka ikiwa imenyooka pale kitovu chake cha uzito kinapokuwa mbele ya kitovu cha shinikizo la upepo, yaani mahali ambapo nguvu yote ya upepo huhesabiwa kukusanyika, na kanuni ya kawaida ni kwamba umbali baina ya viwili hivyo usipungue kipenyo kimoja cha kiwiliwili. Mwaka 1966 James Barrowman, aliyekuwa mhandisi wa NASA, aliwapa warushaji njia ya kukokotoa kitovu cha shinikizo kwa hesabu za kawaida, na programu za kompyuta za leo zingali zikiegemea milinganyo yake. Alpha iliyoundwa kama mchoro unavyosema ni thabiti, lakini gundi na rangi vikizidi nyuma uzito husogea, kwa hiyo ipime.

Weka injini ambayo haijawekewa kiwashio (kijiwaya cha umeme cha kuiwashia), parachuti ikiwa ndani. Funga uzi wenye urefu wa mita mbili au zaidi mahali ambapo roketi inaning'inia sawa bila kuinamia upande, ubandike kwa utepe, kisha uizungushe roketi hewani kuzunguka kichwa chako. Ikitangulia kwa pua, iko tayari. Ikipiga mweleka au kutangulia kwa mkia, ongeza udongo kidogo wa kuchezea watoto ndani ya pua na urudie. Fanya kipimo hiki hata kama una hakika na kazi yako.

Kuchagua uwanja na siku

Kanuni za chama zinataka upande mfupi wa uwanja usipungue mita 30 kwa injini ya A, mita 61 kwa B na mita 122 kwa C. Hivyo ni viwango vya chini kabisa. Kwa A tafuta uwanja wa mpira mzima, usiokuwa na nyaya za umeme, barabara yenye magari wala miti mirefu karibu. Kanuni zinaruhusu upepo wa hadi kilomita 32 kwa saa, lakini mtu anayeanza asirushe majani ya miti yanapotikisika bila kutulia. Asubuhi mapema upepo huwa umelala, na hiyo ndiyo saa yetu. Nyasi zikiwa kavu kama kiberiti, ahirisha. Katika majimbo ya magharibi ya Marekani huwa kuna marufuku ya moto wakati wa kiangazi, na roketi imo katika marufuku hayo.

Weka jukwaa upande ambao upepo unatokea, ili parachuti ipeperuke kuelekea ndani ya uwanja. Ufito unaweza kuinamishwa kidogo kuelekea upepo, nyuzi tatu hadi tano zinatosha, na kwa vyovyote usizidi nyuzi 30 kutoka wima. Chini ya roketi lazima kuwe na bamba la chuma la kuzuia moto usiguse ardhi. Funika ncha ya ufito kwa kifuniko chake wakati huitumii, kwa sababu mtu anayeinama kuangalia jukwaa anaweza kujichoma jicho.

Kuandaa roketi uwanjani

Anza na karatasi zisizoshika moto zinazouzwa pamoja na injini. Vifinyange vipande vitatu au vinne kwa ulegevu na uvisukume ndani ya bomba, vijaze sehemu yenye urefu wa vipenyo viwili hivi. Hizi huikinga parachuti na moto wa kufyatulia, na karatasi ya chooni ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake, kwani itaungua na kuanguka ikiwa na cheche.

Nyunyizia parachuti poda ya mtoto ili plastiki isigandamane, ikunje, izungushie nyuzi zake kwa ulegevu, na uiingize pamoja na kamba bila kuisindilia. Kazi hii ifanye dakika chache kabla ya kurusha. Parachuti iliyokunjwa tangu jana, hasa kwenye baridi ya majimbo ya kaskazini, hubaki imekunjika kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Ishike injini tundu likitazama juu, dumbukiza kiwashio mpaka kiguse baruti kule chini, kisha kibane kwa kizibo chake cha plastiki. Kiwashio kisichogusa baruti ndicho chanzo cha kawaida kabisa cha roketi kugoma kuwaka. Ingiza injini ndani ya roketi mpaka kishikio kirudi mahali pake kwa mlio mdogo.

Kurusha

Ufunguo wa usalama wa kidhibiti ukae mfukoni mwa mrushaji, usiwe mahali pengine popote, mpaka watu wote wamesogea. Teremsha roketi kwenye ufito na uhakikishe inateleza bila kukwama. Bana kila waya wa kiwashio kwa kibanio chake, vibanio viwili visigusane wala visiguse bamba la chuma, kwani vikigusana umeme utapita njia ya mkato na kiwashio hakitapata joto. Vibanio vilivyoshika masizi vikwangue kwa msasa.

Rudi nyuma mita 5 kwa injini hizi ndogo, na watoto wasimame nyuma yako. Tazama anga kama kuna ndege, na tazama uwanja kama kuna mtu anayevuka. Tangaza kwa sauti, ingiza ufunguo, hesabu tano, nne, tatu, mbili, moja, kisha bonyeza na ushikilie. Kuhesabu kwa sauti kunampa kila mtu nafasi ya kupaza neno "Simama!" akiona hatari ambayo wewe hujaiona.

Isipowaka, chomoa ufunguo na usubiri sekunde 60 kamili kabla ya mtu yeyote kusogea. Usikubali kubembelezwa na watoto wanaokata tamaa. Baada ya hapo badilisha kiwashio, na ikigoma tena badilisha betri za kidhibiti, kwani betri zilizochoka ndizo chanzo cha pili.

Ikiwaka, macho ya watu wawili yaifuate: mmoja aangalie roketi, mwingine akariri mahali inapoelekea akitumia mti au nyumba ya mbali kama alama. Roketi ikinasa kwenye waya wa umeme, hesabu kwamba umeipoteza na uwaarifu wenye nyaya. Mti mrefu nao usipandwe. Pia usijaribu kuidaka kwa mikono inaposhuka.

Kupima kimo

Simama mita 100 kutoka kwenye jukwaa ukiwa na kipimapembe cha shule, kilichofungwa uzi na kijiwe kwenye kitovu chake. Roketi inapofika kileleni, ilenge kwa ukingo bapa wa kipimapembe, bana uzi kwa kidole na usome nyuzi zake: 90 ukitoa ulizosoma ndiyo pembe ya mwinuko. Zidisha 100 kwa tanjenti ya pembe hiyo, kisha uongeze kimo cha macho yako. Pembe ya nyuzi 50, kwa mfano, inakupa mita 119, na macho yakiwa mita 1.5 kutoka chini, jumla ni mita 120 na nusu. Siku yenye upepo roketi haipandi wima, kwa hiyo waweke wapimaji wawili pande mbili zinazokabiliana, jukwaa likiwa katikati, na uchukue wastani wa majibu yao. Binti yangu aliielewa tanjenti uwanjani kabla mwalimu hajaifikia darasani.

Kabla ya mruko wa pili

Subiri injini ipoe, itoe, na uitupe, kwani haina matumizi mengine. Toa mabaki ya karatasi za kukingia, futa masizi ndani ya bomba kwa kitambaa kikavu, na uivute kamba ya mpira kuona kama imeungua mahali. Tikisa kila pezi kwa kidole. Lililolegea litiwe gundi na roketi ipumzishwe hadi kesho, hata kama jua bado liko juu na injini mbili zimebaki ndani ya pakiti.